Kwa Nini Daktari wa Meno Amerudi Shule

Wengi mwaniuliza: Daktari, kazi unayo, hiyo shahada ya uzamivu ni ya nini tena? Jibu ni meno ya watoto wetu hapa Bonde la Ufa.

Mtoto mwenye meno ya kahawia huambiwa hapigi mswaki. Si kweli. Ni floraidi, madini yatokayo kwenye mawe ya volkano na kuingia katika maji ya visima virefu. Yakizidi, huharibu jino likiwa bado linaumbwa ndani ya taya, kabla mtoto hajafika miaka 8 hivi. Kliniki naweza kufunika madoa ya mtoto mmoja, lakini kisima kinanywesha kijiji kizima. Ndiyo sababu utafiti wangu unapima maji pamoja na meno.

Shirika la Afya Duniani linasema floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Macho hayaioni, na kuchemsha hakuiondoi. Basi kabla kikundi hakijalipia pampu, pelekeni maji yakapimwe. Ikizidi, watoto wanywe maji safi ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa uliotengenezwa na wataalamu.