Sheria Ipande Mlimani kwa Miguu ya Wazee

(Hotuba ya mwalimu mmoja wa kambi, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Nimeombwa niseme juu ya sheria na mila. Mimi si mwanasheria. Nilisomea ualimu chuoni, nikapelekwa kufundisha juu kabisa, katika milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini. Waliotoka huko wanaijua: baridi, ukungu, ng'ombe, na vilele vinavyopita mita 3,000. Barabara inaishia chini. Mambo ya watu yanaamuliwa lubunga, pale wazee wanapokaa kando ya moto.

Mwaka wangu wa kwanza alifariki baba wa wanafunzi wangu watatu, wote wasichana. Matanga hayajaisha, shemeji zake mjane wakachukua shamba. Wakamwambia mama yule arithiwe na mdogo wa marehemu, au arudi kwao bila watoto. Lubunga ikakubali: ardhi ni ya ukoo, na msichana ataolewa aende kwingine.

Mimi nilikuwa na kitabu cha Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987. Nikaenda lubunga, nikasimama mbele ya wazee, nikawasomea. Watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza. Wanapata robo tatu ya mali, na wanagawana sawa, wa kiume na wa kike. Mjane naye ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba ya ndoa. Nilisoma kwa sauti ya darasani, kama nafundisha watoto. Mzee mmoja akaniuliza taratibu: "Mwalimu, hiyo karatasi ililima shamba letu mwaka gani?" Watu wakacheka. Nikakasirika, nikamshauri mama ateremke mjini kwa mahakama.

Akateremka, siku mbili kwa miguu, mtoto mgongoni. Akaombwa pesa za kufungua faili. Akaambiwa arudi mwezi ujao. Akarudi, kesi ikaahirishwa tena. Msimu wa kupanda ukampita, na alipopanda mlima mara ya mwisho alikuta nyumba ina watu wengine. Sheria ilikuwa upande wake, ila sheria ilikuwa chini na yeye alikuwa juu. Kosa langu sijalisahau: niliwaaibisha wazee, halafu nikamtuma mama yule peke yake.

Mwaka uliofuata kikatokea kifo kingine cha namna ile. Safari hii kitabu nilikiacha nyumbani. Nilimwendea yule mzee aliyenicheka, jioni, nikakaa chini. Nikamuuliza: "Baba, zamani yatima wa ukoo alikuwa anakula wapi?" Akafikiri, akasema: "Katika shamba la baba yake. Anayemnyang'anya yatima anaitafutia nyumba yake laana." Nikamwambia: "Basi, baba, na sheria ya serikali inasema vivyo hivyo." Siku ya tatu lubunga ikakaa, akina mama wakaitwa wasikilizwe. Shamba likabaki kwa mjane na watoto wake. Tukaandika karatasi, mashahidi wakaweka vidole, na nakala moja akabaki nayo mama.

Ndugu zangu, Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 haikuwafukuza wazee. Kifungu cha 207 kinayatambua mamlaka ya kimila. Kifungu cha 153 kinaruhusu mahakama kutumia mila, mradi isipingane na utaratibu wa umma wala maadili mema. Maana yake ni kwamba mila ina kiti chake, na kiti hicho kina mpaka.

Mpaka huo uko wapi? Mashamba, mipaka, mbuzi aliyekula mihogo, ugomvi wa maneno: wazee wapatanishe, wanafanya vizuri na kwa haraka. Lakini kuua, kubaka, na kumwoza mtoto si mambo ya kupatanisha kwa mbuzi. Sheria ya Kongo ya mwaka 2006 juu ya ubakaji, na ile ya mwaka 2009 ya kumlinda mtoto, zimeyatoa mambo hayo mikononi mwetu. Na sheria ikitaka kutembea, inatembea. Mwezi wa Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka, ikakaa karibu na akina mama wa Fizi waliobakwa siku ya Mwaka Mpya. Luteni kanali akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Hakuna lubunga ambayo ingemfunga mtu wa cheo kile.

Sasa nirudi hapa kambini, na hapa naomba mnivumilie. Katika daftari langu la mahudhurio kuna jina nililolikata kwa wino mwekundu. Ni la msichana wa miaka 15, hodari wa hesabu. Familia mbili zilikaa, zikapatana pesa na vitenge, akaolewa. Mimi mwalimu wake nilialikwa kwenye sherehe. Nilikwenda, nikala. Mtu niliyesoma kitabu mbele ya wazee wa mlimani nilinyamaza mbele ya sahani ya wali. Nchi hii inayotuhifadhi ilipitisha sheria mwaka 2016: anayemwoa mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Nilijua. Hamkuwa na sababu ya kuniogopa. Mimi ndiye niliyewaogopa ninyi.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Kwanza, kila baraza la usuluhishi liwe na akina mama wanaokaa na kusema, si wa kupika chai. Pili, kila uamuzi uandikwe, na kila upande upate nakala. Tatu, jambo la damu au la mtoto lipelekwe polisi siku hiyohiyo, na mzee wa mtaa amsindikize mlalamikaji. Asiende peke yake. Nne, tuandikishe vizazi na ndoa, tutunze vyeti. Siku ya kurudi kwetu, mtoto asiye na cheti ataulizwa yeye ni wa nani, na shamba la baba yake litakuwa na mwingine.

Wazee wetu, mlimani nilijifunza kwenu kuuliza kabla ya kusoma. Leo nimeuliza. Mahali pa yule msichana darasani bado papo wazi, na wazazi wake wako hapa uwanjani pamoja nasi. Baada ya hotuba nitawaendea, nikiwa na mwenyekiti na mzee mmoja. Nani atafuatana nasi?