ELIMU YA KANISA NA MTOTO WA MGENI

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mtendeni, Tabora

 

Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya kijana na elimu ya Kanisa. Nashukuru kwa heshima hiyo, na nitajitahidi nisiwachoshe, maana najua chakula kiko jikoni.

Ndugu zangu, mji huu wetu ulijengwa na wapita njia. Misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa, ikapumzika, kisha mingine ikaelekea Ujiji na mingine ikashika njia ya Ziwa Viktoria. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo mabegani, na pamoja na pembe za ndovu walipita watu waliofungwa minyororo. Kwa njia hiyo hiyo ulikuja msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe mwaka 1878. Ulipofika Tabora uligawanyika: kundi moja likaenda Nyanza, jingine likaenda Tanganyika.

Miaka 11 baadaye, mwaka 1889, alifika Karema, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika, kijana mmoja aitwaye Adrien Atiman. Yeye alizaliwa mbali sana, karibu na mto Niger huko Afrika ya Magharibi. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Wamisionari walimkomboa, wakamsomesha Algeria, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta kusomea uganga. Huyo mtoto asiye na baba wala mama karibu naye akawa katekista na daktari wa watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: miaka 67 kituo kimoja! Sisi watumishi wa serikali tukihamishiwa mbali na mjini huanza kutafuta uhamisho kabla hatujafungua masanduku.

Nimemtaja Atiman kwa sababu moja. Wanafunzi wengi wa mwanzo wa misheni katika nchi hizi hawakuwa watoto wa wakubwa. Walikuwa yatima na waliokombolewa utumwani, watu wasio na ukoo wa kuwatetea. Shule ndiyo iliyowapa jina, ufundi na watu wa kuwaita ndugu. Huo ndio msingi wa elimu tunayoisifu leo.

Sasa tujiulize: mtoto wa namna hiyo leo ni nani? Hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1972 maelfu ya watu walikimbia mauaji Burundi, na wengi wao wakapewa mahali pa kukaa Ulyankulu, hapa hapa mkoani kwetu, na wengine Katumba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walishika jembe mapema, wakafyeka miombo, wakalima mahindi na tumbaku. Waliimba pia, na kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu ilijulikana nchi nzima. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo la 1972 walipewa uraia wa Tanzania.

Hata hivyo, cheti cha uraia ni karatasi, na maneno ya watu ni jambo jingine. Kijana aliyezaliwa Ulyankulu, na mama yake akazaliwa Ulyankulu, bado huulizwa: "Lakini wewe hasa ni wa wapi?" Akiulizwa mara nyingi hujifunza kuficha kwao, na anayeficha kwao hujifunza kunyamaza hata darasani, ingawa jibu analo.

Hapo ndipo elimu ya Kanisa ina kazi. Kijana huyu, kabla hajakaa kwenye dawati la sekondari, mara nyingi amekwisha kusoma somo mbele ya waumini, ameongoza sauti ya tatu katika kwaya, ametunza daftari la michango ya jumuiya. Hayo ni mazoezi ya kusema bila woga, kutunza wakati na kutunza fedha za watu. Mwalimu mwenye busara atayachukua na kuyajengea juu yake hesabu na sayansi.

Lakini tuseme kweli. Serikali ilipotaifisha shule nyingi za misheni baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Kanisa lilibaki na seminari na shule chache. Baadaye likaanza kujenga tena, na mwaka 1992 likatiliana mkataba na Serikali juu ya huduma za elimu na afya. Shule hizo zinafaulisha vizuri, nasi tunajivuna. Lakini zinaendeshwa kwa ada, na ada haimjui mtoto wa mkulima wa tumbaku ambaye soko limemwangusha. Elimu ya sekondari katika shule za Serikali haina ada kidato cha kwanza hadi cha nne tangu mwaka 2016, na hadi cha sita tangu mwaka 2022. Sisi tusipoangalia, shule iliyoanzishwa kwa ajili ya mtoto wa Atiman itakuwa shule ya mtoto wa mkurugenzi peke yake.

Ninyi wanafunzi, nawaomba mambo mawili. Kwanza, msione haya kutaja kwenu. Pili, msidhani sala itafanya mtihani badala yenu. Atiman alisali, na pia alikaa Malta miaka kadhaa akisoma.

Nanyi wenzangu wa zamani, kusifu shule kwenye sherehe hakumsomeshi mtu. Napendekeza chama hiki kimlipie ada mtoto mmoja kila mwaka, kuanzia kidato cha kwanza mpaka amalize cha nne, bila kuuliza kabila wala dini. Pia tusaidie karatasi. Kijana anayeomba mkopo wa chuo kikuu hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Wako vijana waliofaulu vizuri ambao hukwama hapo tu, kwa kuwa hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuijaza fomu ile. Sisi tunaoshinda na mafaili tunaijua. Jumamosi moja kila mwezi, kwenye ukumbi wa parokia, inatosha.

Misafara ya zamani iliacha watu njiani wasipoweza kutembea. Msafara wetu usifanye hivyo. Daftari la michango liko kwa Mweka Hazina, pale mlangoni, kalamu nimemwachia.