Hotuba ya Kumkumbuka Mama Phoebe Asiyo



Mama yetu wa Karachuonyo alizaliwa mwaka 1932, akafariki Januari 2025 huko Marekani. Ndiye Mwafrika wa kwanza kuongoza Maendeleo ya Wanawake, kisha akawa Mbunge. Mwaka 1997 alipeleka Bungeni hoja ya kuwaongezea wanawake nafasi za uongozi, ikakataliwa. Hakunyamaza. Katiba ya mwaka 2010 ikaagiza kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, bali Bunge halijalitimiza agizo hilo.

Wazee wangu, binti asiyesoma atakikaliaje kiti hicho? Tukimlilia Mama huku tukiwanyima binti zetu karo, machozi yetu ni bure. Tuwasomesheni.