Kazi ya Mtabibu wa Muziki

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Leo tutazungumza juu ya kazi ya mtabibu wa muziki. Mtabibu ni mtu anayetibu wagonjwa. Huyu hutibu kwa nyimbo, na kwa vyombo kama ngoma, gitaa na kinanda.

Labda mmoja wenu atauliza, "Je, wimbo waweza kutibu?" Ni swali zuri. Wimbo hauui vijidudu vya malaria, wala haufungi jeraha. Lakini iko kazi ambayo wimbo waweza kuifanya. Sikilizeni.

Mtu akipatwa na kiharusi, damu huacha kufika katika sehemu fulani ya ubongo, au mshipa hupasuka ndani yake. Kwa watu walio wengi, sehemu inayotawala usemi iko upande wa kushoto wa ubongo. Ikiharibika, mgonjwa aweza kupoteza maneno. Mara nyingi akili yake ipo. Aelewa mengi anayoambiwa, na ajua anachotaka. Lakini akitaka kusema "maji," neno halitoki. Jamaa zake hudhani amerukwa na akili. Huanza kumzungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Huo ni uchungu mkubwa.

Sasa lipo jambo la ajabu. Baadhi ya wagonjwa hao hawawezi kusema neno moja, lakini ukianzisha wimbo waliouzoea, huuimba pamoja na maneno yake. Kwa nini? Kwa sababu kuimba hutumia sehemu nyingi za ubongo, za kulia na za kushoto. Barabara kuu ikikatwa na mafuriko, watu hupita njia za pembeni. Wimbo ni njia ya pembeni.

Mwaka 1973 wataalamu wa mji wa Boston, Marekani, waliandika juu ya namna ya kurudisha usemi kwa kuimba. Hebu tuitazame kwa mfano wa Kiswahili. Tuchukue maneno "Nataka maji." Mtabibu huyaimba polepole kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini: na-TA-ka MA-ji. Kila silabi moja, huugonga mkono wa kushoto wa mgonjwa juu ya meza mara moja. Kwanza mtabibu huimba peke yake. Kisha huimba pamoja na mgonjwa. Kisha hupunguza sauti yake kidogo kidogo, mpaka mgonjwa abaki akiimba mwenyewe. Halafu humwuliza, "Wataka nini?" naye hujibu kwa kuimba. Mwisho wimbo huondolewa, yakabaki maneno matupu. Kazi hii huchukua majuma mengi, na si kila mgonjwa hufaulu.

Tuone mfano wa mtu anayejulikana. Bibi Gabrielle Giffords alikuwa mbunge wa Marekani. Tarehe 8 Januari 1011 si mwaka wake. Andikeni vizuri: ni tarehe 8 Januari 2011. Siku hiyo alipigwa risasi ya kichwa karibu na mji wa Tucson, alipokuwa akikutana na raia. Watu 6 walikufa. Risasi iliharibu upande wa kushoto wa ubongo wake, akapoteza usemi. Katika hospitali ya mji wa Houston alifundishwa na wataalamu wa usemi pamoja na mtabibu wa muziki. Aliweza kuimba maneno ambayo hakuweza kuyasema. Hakupona kabisa, hata baada ya miaka mingi maneno humjia kwa shida. Lakini amerudi kusema mbele ya watu.

Basi, wajibu wa mtabibu wa muziki ni nini? Andikeni mambo matano.

La kwanza, humpima mgonjwa kabla ya kuanza. Hutaka kujua anaweza nini, na ameshindwa nini.

La pili, huweka shabaha. Hasemi, "Tutamfurahisha." Husema, "Baada ya majuma kadha, aweze kuomba maji mwenyewe."

La tatu, huchagua nyimbo za mgonjwa, si nyimbo anazozipenda yeye. Tena hujihadhari, maana wimbo waweza kuumiza. Wimbo ulioimbwa siku ya mazishi ya mtoto waweza kumtonesha mama kidonda. Mgonjwa akihuzunika kupita kiasi, mtabibu huacha.

La nne, huandika kila siku yaliyofanyika, na huwaeleza daktari na wauguzi. Lakini siri za mgonjwa hazipeleki sokoni.

La tano, hujua mpaka wa kazi yake. Hamwambii mgonjwa aache dawa, wala haahidi asiloweza kulitimiza.

Kwa hiyo kujua kupiga gitaa hakutoshi. Wakati wa vita vikuu vya dunia, wanamuziki wa Marekani walikwenda hospitalini kuwapigia askari waliojeruhiwa. Ikaonekana kwamba wapaswa kufundishwa kwanza. Mwaka 1944 masomo ya shahada ya kazi hii yalianzishwa huko Michigan. Siku hizi, Mmarekani anayejifunza kazi hii hufanya mazoezi ya saa 1,200 chini ya uangalizi, kisha hufanya mtihani. Uingereza nayo, sheria yamkataza mtu kujiita mtabibu wa muziki kama jina lake halimo katika orodha rasmi.

Nanyi wasikilizaji, mna sehemu yenu. Nyumbani mkiwa na mgonjwa aliyepoteza usemi, msimzungumze kana kwamba hayupo. Mpeni nafasi ya kujibu, hata akichelewa. Na kumbukeni nyimbo alizozipenda, kwani mtabibu akija hataweza kuzijua ila kwenu.

Sasa someni ukurasa huu tena, kisha mjibu maswali haya darasani:

1. Kwa nini mgonjwa asiyeweza kusema aweza kuimba?
2. Mtabibu wa muziki ana wajibu gani?
3. Wimbo waweza kumwumizaje mgonjwa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.