Maksi 64 Si Aibu: Tuulize Ngazi Kwanza

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, tarafa ya Matombo)



Leo nataka tuzungumze juu ya maksi za watoto wetu walioko Chuo Kikuu. Mzee mmoja wa huku kwetu milimani aliuza karafuu na ndizi, akampeleka binti yake kusoma. Likizo binti akaleta karatasi ya matokeo. Mzee akasoma mwenyewe: 64. Akakasirika. Akasema, "Karafuu zangu zimepotea bure. Mwakani hutapata hata senti."

Je, mzee alikosea wapi? Kusoma alisoma sawasawa. Lakini hakuuliza ngazi.

Tuchukue Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hapo Morogoro mjini, kilichoanza kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1984. Ngazi yake ni hii:

70 hadi 100 ni A, pointi 5.
60 hadi 69 ni B+, pointi 4.
50 hadi 59 ni B, pointi 3.
40 hadi 49 ni C, pointi 2.

Basi 64 ni B+. Ni gredi ya pili kutoka juu. Binti alistahili pongezi, siyo kufokewa!

Sasa tupige hesabu. Kila somo lina uzito wake. Tuseme mtoto amepata 72 katika somo la uzito 3, na 64 katika somo la uzito 3, na 51 katika somo la uzito 2. Tunazidisha pointi kwa uzito: 5 mara 3 ni 15. 4 mara 3 ni 12. 3 mara 2 ni 6. Jumla 33. Uzito wote ni 8. Gawanya 33 kwa 8, unapata 4.1 na kidogo. Huo ndio wastani, wenyewe huuita GPA. Akimaliza chuo na wastani kati ya 3.5 na 4.3, amepata daraja la pili la juu. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza.

Je, akitaka kwenda kusoma nchi nyingine? Hapo ndipo wengi hupotea. Makerere, Uganda, A huanzia 80. Marekani, vyuo vingi huanzia 90, na 64 huhesabiwa D. Tena ngazi yao ya GPA huishia 4. Ujerumani ndiyo kinyume kabisa: 1 ndiyo bora, kama divisheni wani ya kidato cha nne.

Sisi wakulima tunalijua jambo hili. Pishi ya maharage na pishi ya mpunga hazilingani uzito, ingawa pishi ni ile ile. Na gunia la lumbesa siyo gunia la kawaida. Mnunuzi mwenye akili huuliza kwanza, "Gunia gani?"

Kwa hiyo tufanye hivi. Kwanza, mtoto asigeuze maksi kwa kukisia, wala asifute namba na kuandika nyingine. Kubadili cheti ni kughushi, na ni kosa la jinai. Pili, apeleke karatasi kamili ya chuo pamoja na maelezo ya ngazi. Mara nyingi yameandikwa nyuma yake. Kama hayapo, aombe ofisi ya msajili wa chuo. Tatu, aliyesoma shahada nje akirudi, aipeleke TCU ikatambuliwe. Cheti cha sekondari cha nje hupelekwa Baraza la Mitihani.

Yule mzee alieleweshwa na jirani, naye akamwita binti yake wakazungumza. Mwaka uliofuata aliuza karafuu tena.

Ndugu zangu, tumejifunza kusoma. Basi karatasi ya mtoto tuigeuze, tuisome na upande wa nyuma.