Moshi wa Makaa ya Mawe: Swali Moja Halitoshi

(Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa kamati za mazingira za wadi)



Mkisoma ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, mtakutana na ahadi kwamba makaa ya mawe yatachomwa kwa hewa kidogo ili kupunguza oksidi za naitrojeni. Wengi wetu tunaliruka fungu hilo. Leo tusimame hapo.

Gesi hizi huwasha mapafu, hasa ya watoto na wenye pumu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza cha naitrojeni dioksidi, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 40 hadi 10 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa.

Zinatoka wapi? Hewa tunayovuta ni takriban asilimia 78 naitrojeni, nayo imetulia haimsumbui mtu. Moto ukizidi nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, naitrojeni hiyo huanza kushikana na oksijeni kwa kasi. Hilo linajulikana sana. Linalosahaulika ni kwamba makaa ya mawe yana naitrojeni yake ndani, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito. Katika mitambo ya umeme inayochoma unga wa makaa, hiyo ndiyo hutoa sehemu kubwa ya oksidi hizi. Kupoza moto pekee hakutoshi.

Makaa yakipata joto, naitrojeni hiyo hutoka ikiwa amonia na sianidi ya hidrojeni. Zikikuta oksijeni tele, hugeuka naitriki oksidi. Zikikuta oksijeni haba, nyingi huishia kuwa naitrojeni ya kawaida. Hewa iliyobaki huingizwa mbele kidogo ili kumalizia kuchoma. Kwa hivyo ahadi ile si uongo.

Lakini ina gharama. Hewa ikibanwa ovyo, kaboni monoksidi huongezeka, na makaa hubaki kwenye majivu bila kuungua. (Na tafadhali, asiende mtu kufungia jiko la makaa chumbani akidhani anasafisha hewa. Hiyo gesi inaua.)

Hapa Kenya makaa ya mawe huchomwa hasa kwenye viwanda vya saruji. Mwali mkuu wa tanuri hufikia takriban nyuzi 2,000, kwa sababu klinka inahitaji kama 1,450 ili iive. Hapo joto ndilo mkosaji mkuu. Hewa kidogo husaidia zaidi kwenye kichomeo cha pili, chenye nyuzi 900 hivi. Basi mwekezaji akisema "hewa kidogo", mwulizeni: sehemu gani? Kaboni monoksidi itapimwa pamoja nayo? Vipimo vitachukuliwa mfululizo au mara moja kwa mwaka, na nani ataviona?

Mna haki ya kuuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kupata habari, na Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa. Mnamo Juni 2019, jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa wa megawati 1,050 uliopangwa Lamu. Sababu mojawapo kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Ripoti ikitolewa, iombeni mapema, muisome kabla ya siku ya mkutano. Anzeni na ukurasa wa vipimo vya bomba la moshi.