Kupanda Mlima Si Uvivu

Wazazi wengine husema kijana anayependa milima anapoteza wakati tu. Haya, mtazameni Pier Giorgio Frassati wa Torino, Italia. Alipanda Alpi na marafiki zake, na safarini walisali pamoja. Mjini aliwatembelea maskini na wagonjwa, akiwapelekea msaada. Alikufa kwa polio mwaka 1925, umri miaka 24. Mwaka 2025 Kanisa lilimtangaza mtakatifu.

Basi vijana wetu wakitaka kwenda Mlima Kenya, tusiwakataze. Lakini waende na kiongozi anayejua njia, na nguo za baridi. Mmoja akiumwa kichwa na kutapika, wateremke naye mara moja. Mlima hauhami, uhai wa mwenzako ukienda haurudi.